Chombo Kimoja, Kazi Nyingi

Nyumba haimaliziki siku ile inapoezekwa bati. Mvua za Maniema huvimbisha milango, mchwa hula vizingiti, na watoto hung'oa bawaba. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Ndiyo maana sisi walimu wa Kindu, wenye mshahara mdogo, twaulizana siku hizi: je, yafaa kununua ile mashine moja ya umeme inayosifiwa kwa kazi nyingi?

Mashine hiyo hushikwa mkononi. Ulimi wake hauzunguki, bali hutikisika kushoto na kulia, hata mara 20,000 kwa dakika. Asili yake iko karibu na hospitali. Kiwanda cha Fein cha Ujerumani, kilichotengeneza keekee ya umeme mwaka 1895, kilitoa mwaka 1967 msumeno wa kukatia plasta ngumu wanayofungwa waliovunjika mifupa. Msumeno huo ulikata kilicho kigumu, na ngozi laini ikatikisika pamoja nao bila kuchanwa. Lakini tusidanganyike: ulimi wenye meno ya kukatia mbao hukata kidole vilevile.

Ukibadili ulimi, mashine ile ile hukata msumari uliofichika, hupunguza kizingiti, hupiga msasa pembeni na kukwangua rangi kuukuu. Hata hivyo haitoboi ukuta, wala haipasui ubao mnene wa mvule. Mshika mawili, moja humponyoka.

Tulipotamani kuinunua, mama watoto alituuliza kazi zenyewe ni ngapi kwa mwaka. Tukaziandika. Nyingi zilikuwa za kutoboa na kukaza parafujo. Za kukata pembeni zilikuwa chache. Na mlango mpya ulikuwa mmoja. Basi karatasi ile ikaamua. Tulinunua keekee ya betri. Ile mashine ya kazi nyingi tukachanga walimu watatu. Na mlango tukamwachia seremala wa mtaa, ambaye naye ana watoto wa kusomesha.

Kabla ya kutoa fedha, sharti kuuliza habari za umeme. Kwetu umeme ni wa volti 220. Mashine ya Marekani ya volti 120 ikichomekwa huungua. Mwenye jenereta akumbuke kwamba mota inapoanza huvuta nguvu kupita wati zilizoandikwa juu yake. Kwa nyumba yenye bamba la jua, betri hufaa zaidi: betri ya volti 18 na ampea-saa 2 ina wati-saa 36 tu, na bamba la wati 100 hulijaza hilo kwa asubuhi moja yenye jua. Lakini betri ya kiwanda kimoja kwa kawaida haiingii katika mashine ya kiwanda kingine. Kwa hiyo yafaa kuchagua jamaa moja ya mashine na kudumu nayo.

Tena tutazame ndimi na vipuri. Mashine ambayo ndimi zake haziuzwi Kindu itangoja mzigo wa ndege au wa gari la moshi, na wakati huo ni pambo la kabati.

Jambo la mwisho ni zito. Kijana mmoja jirani yetu alipoteza jicho. Alikuwa ameondoa kinga ya mashine ndogo ya kukatia vyuma, ili aingize kisahani kikubwa cha milimita 230. Mashine ndogo huzunguka yapata mara 11,000 kwa dakika, na kisahani kile hakistahimili zaidi ya mara 6,600 hivi. Kilipasuka. Miwani ya kazi hakuvaa.

Basi, enyi wazazi, na ninyi wanafunzi mnaopenda ufundi, andikeni kwanza kazi, kisha tafuteni chombo. Na fedha ya miwani itengwe kabla ya fedha ya mashine.