Bahasha Isiyo na Anwani

Barua yenyewe ni kurasa tatu za daftari la shule, mwandiko wa kulala, na inaanza kwa utani wa nyanya kwa mjukuu wa kiume: "Mume wangu." Mwandishi wake husuka vyondo katika soko la Kariokor, Nairobi. Huyo mume wa utani yuko Hamburg akisomea uuguzi huku akifanya kazi hospitalini, na kwa wiki sita sasa amelala kwenye sofa la Mkenya mwenzake. Nyumba hajapata. Kwa hiyo barua ilipigwa picha na kutumwa kwa simu. Bahasha itafuata siku atakapokuwa na pa kuipokelea.

Nyanya anaanzia mbali. Anamkumbusha kijana kwamba hata mtaa wao ulianza kwa watu wasio na kwao mjini: kambi ya Carrier Corps, wapagazi waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Ndimi zikaligeuza jina likawa Kariokor hapa, na Kariakoo kule Dar es Salaam. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao walikufa, wengi kwa maradhi. Baada ya vita ndipo kipande kilipoanza kutekelezwa: mwanamume Mwafrika hakutembea bila kile kikaratasi ndani ya kikopo cha chuma, kikining'inia shingoni. Baba yake nyanya alikivaa.

Basi mjukuu alipolalamika kuwa Ujerumani kila kitu ni karatasi, bibi hakushangaa. Ila anaweka tofauti, na hapa ana haki: kipande kilimwandama Mwafrika, lakini kule hata Mjerumani akihama hutakiwa kuandikisha makazi yake ndani ya wiki mbili. Mwenye nyumba naye hutia saini hati ya kuthibitisha kwamba mtu huyo kweli amehamia kwake. Bila uandikishaji huo, kufungua akaunti ya benki huwa kazi, na barua ya nambari ya kodi ya mapato haina pa kufikia. Swali la kwanza la kumwuliza mwenye chumba, kabla ya madirisha, kabla ya choo, ni kama atatoa hati hiyo. Akianza kuzungukazunguka, kijana achukue koti lake.

Kuhusu pesa bibi ni mkali zaidi, na ana sababu. Alipokuwa msichana alimlipa mtu mmoja kodi ya chumba Eastlands, akakabidhiwa funguo kwa tabasamu. Hazikuingia kwenye kitasa hata kimoja cha ploti ile. Tapeli wa leo hana haja hata ya kushika funguo: huandika kwamba yuko nchi nyingine, nyumba ni nzuri, picha hizi hapa, tuma amana na funguo zitakuja kwa posta. Nyanya ameandika kwa herufi kubwa kwamba asiyeingia ndani ya chumba asitoe hata senti.

Sheria ya huko inamlinda mpangaji kuliko wengi wanavyodhani. Amana haipaswi kuzidi kodi ya miezi mitatu, na inaweza kulipwa kwa awamu tatu. Ajenti naye, tangu Juni 2015, hulipwa na aliyemwita kazini. Kodi inayohesabiwa kwenye amana ni ile waiitayo baridi, yaani ya nyumba tupu. Ukiongeza maji, taka na joto la mabomba huwa kodi moto, na stima kwa kawaida iko kando. Nyanya alicheka sana aliposikia kwamba kodi ina homa.

Hakucheka kuhusu jiko. Nyumba nyingi za kupanga huko hukabidhiwa bila hata sinki, nyaya za taa zikichungulia darini, kwa sababu mpangaji aliyetoka amebeba vyake. Anamtaka mjukuu aulize mapema.

Na foleni? Kariokor unamwuliza mama mboga, naye anamjua msimamizi wa ploti. Hamburg watu hupanga mstari ngazini, kila mmoja na faili: mkataba wa kazi, hati za mshahara za miezi mitatu, ripoti ya Schufa inayoonyesha jinsi mtu alivyolipa madeni yake. Mgeni hana historia hiyo, kwa hiyo mkataba wa hospitali ndio uzito wake; auweke juu. Aulize pia hospitali yenyewe kama ina vyumba vya wafanyakazi, na avitafute vyama vya ushirika vya nyumba, ambako mwanachama hununua hisa kisha akapanga. Mwanamke wa sacco hahitaji kufafanuliwa hilo. Foleni huko ni ndefu, lakini bibi anasema jina halisogei mbele kama halijaandikwa.

Agizo la mwisho ni dogo: akihamia, abandike jina lake kwenye kisanduku cha barua mlangoni siku hiyohiyo. Kule tarishi hufuata jina, maana milango ya fleti nyingi haina nambari. Asipoliona, barua hurudi ilikotoka.

Bahasha iko kibandani, chini ya bunda la mkonge. Jina la kijana limeshaandikwa. Mistari mitatu chini yake ni mitupu.