Sentensi Yangu ya Kwanza ya Kihispania

Mimi nilianza kujifunza Kihispania kwa sababu ya mashuka. Nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja hapa Houston, Texas, na sisi wa shifti ya usiku wote ni wageni wa nchi hii. Wengine wametoka Meksiko, wengine Honduras, wengine El Salvador, halafu mimi peke yangu Mkongo. Kiingereza ni cha bosi, na bosi analala. Usiku kucha ni Kihispania tu. Mwaka mzima nilikuwa naelewa maneno mawili: "rápido", fanya haraka, na "cuidado", angalia usiungue. Wakicheka, nacheka nao, bila kujua kama wananicheka mimi.

Nilipojiandikisha kwenye chuo cha jamii mwaka 2022, nikaambiwa kozi yangu inadai mihula miwili ya lugha ya kigeni. Nikamwambia mshauri wa wanafunzi: dada, nina Kibembe cha nyumbani, nina Kiswahili, nina Kifaransa cha shule, na hiki Kiingereza ninachoongea na wewe. Akatazama kompyuta yake. Kibembe na Kiswahili havikuwa kwenye orodha. Kifaransa kilikuwepo, ila kilitaka cheti, na karatasi zangu za shule ya kambini hazikutosha. Ninyi mlioko Nyarugusu, Nakivale na Kakuma hamhitaji kuelezwa habari za karatasi. Nikasema basi, niandike Kihispania. Angalau nitajua kama wananicheka.

Wiki za kwanza nilifurahi kupita kiasi. Irabu zao ni tano, a, e, i, o, u, na zinasomwa kama zetu. Ile herufi yao yenye kimkia juu, ñ, ni "ny" ya nyumba. Wenzangu Wamarekani walikuwa wanahangaika na "mañana", mimi natamka kama niliizaliwa nayo. Mesa ni meza. Bandera ni bendera. Azúcar ni sukari. Mwalimu akasema Waarabu walitawala sehemu za Hispania kwa karne nyingi wakaacha maneno, na "hasta", yaani mpaka, ni mojawapo. Nikaandika pembeni mwa daftari: hasta, hata. Neno la Waarabu lilienda Hispania, likaja na kwetu pwani, na sasa limenikuta Texas.

Tena, kwao kitenzi kinabeba mtu ndani yake. "Hablo" ni nasema, huhitaji kuweka mimi. Wenzangu wakalalamika kwamba majina yana jinsia mbili na lazima sifa ifuate: casa blanca, casas blancas. Nikanyamaza. Mtu aliyekua na ngeli zetu, kiti kizuri, viti vizuri, mti mzuri, miti mizuri, atalalamikia mbili?

Siku mwalimu alipoonyesha ramani ya nchi zinazosema Kihispania, akagusa Guinea ya Ikweta, Afrika. Darasa zima likanigeukia mimi, kana kwamba ni mtaa wa pili kutoka kwetu. Nikapunga mkono. Walicheka, na safari hii nilijua wanacheka nini.

Kisha tukafika kwenye ser na estar.

Kihispania kina vitenzi viwili pale Kiingereza kina kimoja. Ser ni kwa vile ulivyo: kazi yako, asili yako, tabia yako. Estar ni kwa mahali ulipo na hali uliyo nayo. Soy de Congo, mimi ni wa Kongo. Estoy en Houston, niko Houston. Soy estudiante, mimi ni mwanafunzi. Estoy cansada, nimechoka. Kwa Kiswahili cha vitabuni ni rahisi: huku "ni", huku "niko". Ila mimi ni mtu wa Fizi, na kwetu "niko" inafanya kazi zote. Niko mwalimu. Niko mgonjwa. Ule iko mtu muzuri. Tulipokuwa Nyarugusu, watu wa Kasulu walitucheka sokoni: "Ninyi Wakongo, niko ni ya mahali! Sema mimi ni mwalimu." Kwa hiyo somo hili nilikuwa nimeshafundishwa mara moja, bila ada.

Mwanafunzi mmoja akauliza: mtu aliyekufa ni ser au estar? Mwalimu akasema ni estar. Está muerto. Yule akabisha: lakini kufa ni kwa milele, na wewe umesema estar ni ya hali. Mwalimu akajibu kwamba ni hali iliyoletwa na jambo lililotokea. Mimi nikaielewa kupitia kwetu: amekufa, ile "me". Nikaandika kwenye daftari, halafu kalamu ikasimama, maana nilikuwa nimemkumbuka papa.

Papa alikuwa mvuvi. Mwaka 1998, vita vilipoanza tena, alituvusha Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi mpaka upande wa Kigoma. Nilikuwa na miaka mitano. Baada ya siku chache akarudi kumchukua bibi, mama yake. Hatukumwona tena, yeye wala bibi. Fomu za kutafuta ndugu tulijaza, majibu hayakuja. Mama hajawahi kumtaja kwa wakati uliopita. Ukimuuliza anasema: "Papa yenu iko." Iko wapi? "Iko."

Mwaka 2015 tuliitwa kwenye mahojiano ya kuhamia Marekani. Afisa akauliza: baba wa watoto yu hai au amefariki? Mama akasema iko. Mkalimani akatafsiri, afisa akauliza, yuko wapi? Mama akasema iko. Afisa akaweka kalamu chini. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikaona faili letu linakwenda kulala pale pale mezani. Nikasema mimi: "Andika amefariki." Akaandika. Mwaka uliofuata tukapanda ndege. Mama hakugombana nami, ila wiki mbili nzima alinipakulia chakula bila kuniangalia. Tangu hapo, kila fomu ya Marekani inasema papa amekufa, na anayejua ni nani aliyemuua kwenye karatasi ni mimi na mama.

Sasa mwalimu akatupa kazi ya nyumbani: "Mi familia", sentensi kumi, wakati uliopo tu, kwa sababu wakati uliopita ni wa muhula wa pili. Wa mama niliandika haraka. Wa wadogo zangu pia. Kwa papa nikaandika: Mi padre es pescador. Nikasimama. Kuandika está muerto nilijua, maneno yote nilikuwa nayo. Mkono haukutaka mara ya pili. Nikaandika kama mama: Mi padre está.

Daftari likarudi na kalamu nyekundu: "¿Dónde?" Wapi?

Nilikwenda kumwona mwalimu saa zake za wanafunzi. Nilitaka kumwambia ni kosa tu, nitasahihisha. Badala yake nikamweleza yote, kwa Kiingereza changu kile, na nikamuuliza sentensi yake inakuwaje. Hakunipa pole ndefu. Akasema: maneno unayo tayari, yapange. Nikapanga mbele yake polepole. No sé dónde está mi padre. Sijui baba yangu yuko wapi.

Ni maneno sita ya mtu anayeanza. Lakini nilikaa kwenye kile kiti nikagundua kwamba sijawahi kuyasema kwa lugha yoyote. Kwa Kiswahili, nyumbani, yangekuwa kumpinga mama. Kwa Kiingereza nilizoea kusema amefariki, kwa sababu watu wakisikia hivyo hawaulizi zaidi. Kihispania changu kilikuwa hakijui bado kuzunguka. Kilikuwa na ukweli tu, kwa kuwa uongo ulihitaji maneno mengi zaidi.

Kule kazini kuna mama mmoja wa Honduras, mtu mzima, tunakunja naye mashuka makubwa, yeye huku mimi kule. Huniita mija, binti yangu. Usiku mmoja akaniuliza wazazi wangu wako wapi. Mama nikamjibu. Kwa papa nikasema ile sentensi. Akasimama na shuka mkononi. Akasema: "Yo tampoco sé dónde está mi hijo." Na yeye hajui mwanawe yuko wapi. Alitoka nyumbani kuelekea kaskazini na hajapiga simu. Hatukusema zaidi, Kihispania changu kilikuwa kimeishia pale. Tukakunja mpaka asubuhi.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa anapika chai. Nikamsomea kazi yangu yote, sentensi kumi, yeye hajui hata moja. Nilipofika ile ya papa sauti ikabadilika, akasikia.

"Hiyo inasema nini?"

Nikamwambia: sijui papa iko wapi.

Akanyamaza. Nikangoja nigombezwe. Akauliza: "Iko ni neno gani hapo?"

"Está."

Akalijaribu mdomoni, está, está. "Sawa," akasema. "Umesema iko." Akanimiminia chai, akaniangalia.

Muhula ujao wanaanza wakati uliopita. Nimeshajiandikisha.