Kina cha "Ndaga"

Basi lilipoiacha barabara kuu pale Uyole na kushika njia ya kusini iendayo Kasumulu, nilijikuta nimekwisha kufunga vifungo vya koti kabla baridi haijaanza kunitafuna. Nilipangiwa kufundisha Tukuyu mwaka 1981, kijana wa Pangani mwenye shuka moja na mashati ya mikono mifupi. Mwaka 1987 nikahamishiwa Tanga. Tangu hapo sikurudi, mpaka Juni 2023, nikiwa nimestaafu.

Mlima Rungwe haukuonekana. Kilele chake, chenye urefu wa karibu mita 2,960, kilikuwa kimejifunika ukungu, kama kilivyokuwa kikifanya asubuhi nyingi nilizokwenda darasani na viatu vilivyolowa. Mashamba ya chai ya Katumba yapo vilevile. Migomba ipo. Maparachichi, ambayo zamani tuliyaokota njiani bila kumwomba mtu, sasa yana mashamba yake na hupakiwa kwenda Ulaya. Nyumba niliyopanga imevunjwa. Mahali pake pana kibanda cha kutuma na kupokea fedha kwa simu. Sikusikitika sana, maana ilikuwa ikivuja.

Katika daftari langu nilikuwa na majina ya walimu watano wa enzi zile. Watatu wamefariki. Mmoja amehamia Mbeya kwa mwanawe. Aliyebaki ndiye niliyemwogopa.

Yeye na mimi tulikuwa watu wa ushairi. Tulichangia nakala moja ya kitabu cha Kaluta Amri Abedi, *Sheria za Kutunga Mashairi*, kilichotoka mwaka 1954, nayo ilikuwa imechakaa hata jalada likashonwa kwa uzi. Wakati huo wapenzi wa ushairi walikuwa bado wanavutana juu ya mashairi huru, hasa baada ya *Kichomi* cha Kezilahabi mwaka 1974. Sisi wawili tulikuwa upande mmoja: vina na mizani, wala hapakuwa na mjadala. Kwa hiyo tulichokuja kukosania hakikuwa hicho.

Mwaka 1984 alifiwa na mama yake. Miezi michache baadaye aliniletea shairi la beti sita, tarbia, kwa ajili ya gazeti la ukutani la shule ambalo mimi nilikuwa mhariri wake. Kibwagizo kilikuwa hiki:

*Hata kwa maji kidogo, mama alisema ndaga.*

Wasomaji wasioijua Rungwe niwaeleze kwamba "ndaga" ni neno la Kinyakyusa. Ni asante, lakini asante haiujazi mfuko wake. Utalisikia hata mtu anapompa pole mwenzake. Nami nililijua vyema, kwa kuwa kila mama niliyenunua ndizi kwake alinipa neno hilo pamoja na ndizi. Hata hivyo nilimwambia mwenzangu kwamba hilo si neno la Kiswahili na shairi ni la Kiswahili. Nilikuwa mtu wa pwani, na niliamini, Mungu anisamehe, kwamba lugha hii nimezaliwa nayo na wengine wameazimwa.

Sikumrudishia alitengeneze mwenyewe. Nililitengeneza mimi, usiku, kwa taa ya chemli, na nilijisifu kwa kazi yangu:

*Hata kwa sauti ndogo, mama hakuweza aga.*

Hesabuni. Nane kwa nane. Kina cha kati "go", kina cha mwisho "ga". Hakuna mwalimu ambaye angenikosoa. Nikalipiga chapa, nikalibandika ukutani.

Alilisoma akiwa amesimama katikati ya wanafunzi. Jioni alikuja mlangoni kwangu, hakuingia. Akasema, "Mwalimu, mama yangu hakufa hivyo." Kisha akaondoka. Miaka mitatu iliyobaki tulifundisha vyumba vinavyopakana, tukaamkiana kila siku, na sikuona tena shairi lake.

Mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere aliachia urais, na nchi nzima ikawa inasema "kung'atuka", neno alilolitoa kwao, katika Kizanaki. Mimi mwenyewe nililiandika ubaoni na kuwafafanulia wanafunzi. Tulikuwa tukifundisha ngeli za nomino kila wiki, na "ngeli" yenyewe ni zawadi ya Kihaya. Yote haya yalinijia kichwani wakati uleule. Chumba chake kilikuwa hatua kumi kutoka changu. Sikwenda.

Nilimkuta upande wa Mpuguso, ameketi barazani juu ya kigoda, mguu mmoja haumtii tangu alipougua. Alinitazama kitambo. "Mwalimu wa Pangani," akasema, "umezeeka vibaya." Mkewe akaleta ndizi zilizopikwa kwa maharage, na chai. Tulizungumzia waliokufa, pensheni, na bei ya mbolea. Saa mbili zilipita kabla sijathubutu kulitaja shairi.

Alimtuma mjukuu ndani. Mtoto akarudi na karatasi iliyokunjwa mara nne: ile ile niliyoipiga chapa mimi, pamoja na matundu ya pini. Nakala yake ya mkono iliharibiwa na mvua zamani, na beti zilizobaki kichwani mwake zilikuwa zile zilizosahihishwa. Nilikuwa nimebadilisha zaidi ya kibwagizo. Hilo nilikuwa nimelisahau, au nilijisahaulisha.

"Wewe ndiye uliyelisoma la kwanza," akasema. "Nirudishie."

Tulikaa mpaka jua likatua. Kibwagizo nilikikumbuka chote. Nilipokitamka aliinamisha kichwa na hakusema neno. Beti nne tulizifufua, mstari kwa mstari, yeye akikumbuka jambo na mimi nikikumbuka kina. Mbili hazikupatikana. Mjukuu, ambaye husema Kiswahili kitupu, alikuwa akiandika kwenye daftari lake la shule, na mara moja aliuliza "ndaga" huandikwaje.

Asubuhi alinisindikiza kwa mkongojo hadi barabarani, akanipa mfuko wa maparachichi kwa safari. Nikamwambia, "Ndaga."

"Hapana," akasema, "usivute hivyo. Sema tena."

Nikasema tena.