Hewa ya bandari bubu

Mliosikiliza kipindi kilichopita mlinisikia nikisema gari ya baba inaenda skrepa. Haiendi tena. Nilisema nitaeleza, basi naeleza.

Ni steshenwagoni ya Kijerumani ya mwaka 2001, petroli, lita 1.8 na tabo. Baba aliiendesha hapa Northampton miaka kumi na nne, akaniachia aliporudi Tanga kustaafu. Hakuniambia niitunze. Alinipa funguo, akanionyesha anapoweka spea taya na jeki, basi.

Mwezi wa kumi ikaanza. Uko kwenye taa nyekundu, mguu hauko kwenye mafuta, mshale wa resi unapanda wenyewe mpaka 1,500, unashuka mpaka 600, gari inatetemeka kama inataka kuzima, halafu inapanda tena. Siku moja ikazima kweli, katikati ya kipilefti, mama kakaa kiti cha mbele, lori nyuma yetu linapiga honi. Mama hakusema kitu, akavuta uradi tu. Na kwenye barabara kuu kitu kingine kabisa: ukikanyaga, nguvu hakuna, na nyuma unatoka moshi mweusi.

Nikanunua kile kidude cha kusoma makosa. Kikanipa P0171: hewa nyingi, mafuta kidogo. Nikabadilisha sensa ya hewa, pauni 90. Nikasafisha throto. Wapi! Gereji moja ikaniambia haya ni magonjwa mawili, na la pili ni tabo imekufa. Pauni 1,100, kwa gari ambayo yenyewe haifiki 800. Nikampigia mtu wa skrepa, tukakubaliana Jumamosi.

Sasa baba. Kila akipiga simu anauliza, "Na gari haijambo?" Nami najibu haijambo. Miezi miwili hiyo. Alhamisi nikashindwa, nikamwambia yote. Nilikuwa nimejiandaa, nimetafuta mtandaoni Kiswahili sanifu cha kila kipuri ili nisiaibike. Akanikata.

"Hozi ni hozi, mwanangu. Weka simu juu ya injini, uwashe."

Akasikiliza dakika nzima. Kisha: "Fungua kifuniko cha oili, usizime." Nikafungua. "Imebadilika?" Haikubadilika. "Ilitakiwa iyumbe. Haikuyumba kwa sababu kuna mlango mwingine uko wazi tayari."

Mtu wa Tanga haelezi kitu bila magendo. Ile sensa, akasema, ni mtu wa forodha. Anaandika hewa yote inayopita mlangoni pake, na kompyuta inatoa petroli kwa hesabu yake. Lakini kuna hewa inaingilia bandari bubu, haijaandikwa popote. Kompyuta inakuja kuigundua mwishoni, kwenye ekzosi: hewa imezidi! Inaongeza petroli, resi zinapanda. Inaona zimepanda mno, inabana, injini inakaribia kufa. Inaongeza tena. Ndiyo ule mshale unaocheza.

"Na moshi mweusi?" nikauliza, nikidhani nimemshika.

Hapo nilikaa chini kwenye sementi, baridi ile. Injini ikiwa sailensi inafyonza, kwa hiyo tundu linaingiza. Ukikanyaga, tabo inasukuma, na tundu lile lile linatoa nje hewa ambayo forodha imeshaiandika. Petroli inakuja kwa ajili ya hewa ambayo haipo. Inaungua vibaya, inatoka nyeusi. "Magendo yanaingia na yanatoka," akasema. Tundu moja. Nilikuwa nimeambiwa magonjwa mawili na nikakubali, maana kulikuwa na namba ya kosa na makadirio yamechapwa vizuri.

Ijumaa nikampata fundi mwenye mashine ya moshi, pauni 40. Ukijaza moshi kwenye mabomba ya hewa, palipopasuka panajionyesha. Ukatoka chini kabisa ya manifodi, kwenye hozi ya kupumulia oili. Juu ilikuwa nzima. Chini, upande usioonekana, mpira umelainika kwa oili na joto la miaka, unabonyea kama mkate uliolowa chai. Hozi mpya, valvu ndogo ya kuzuia hewa isirudi, vibano viwili: pauni 27. Kuifikia ndiyo kazi. Saa tatu na ngozi ya vidole viwili.

Jumamosi asubuhi mtu wa skrepa akapiga, nikamwomba radhi. Halafu nikampigia baba, nikaweka simu juu ya injini tena. Mshale umekaa 800, hautikisiki. Akasikiliza muda mrefu kuliko ile mara ya kwanza, mpaka nikadhani mtandao umekata.

"Siku nyingine usiniambie haijambo," akasema.

Taa ya cheki injini nimeifuta, haijarudi. Ya mkoba wa hewa bado inawaka, na ukaguzi ni mwezi ujao. Hiyo nimeshamwambia.