Kazi ni yako, matunda si yako (Sehemu ya 9)

 

Wiki iliyopita tuliongea kuhusu usingizi wa mama aliyejifungua. Nilitegemea maswali ya usingizi, lakini yaliyokuja kwa wingi yalikuwa ya aina nyingine kabisa. Yalikuja kwa maneno tofauti, ila ukiyachuja ni swali moja: “Nesi, nilifanya kila kitu, sasa nimekosea wapi?” Mmoja mtoto wake haongezeki kilo. Mwingine maziwa yamegoma. Mwingine alitoka hospitali mikono mitupu.

Majibu ya kitabibu nimempa kila mmoja pembeni. Leo nataka kujibu ile sehemu ya swali ambayo hakuna kipimo cha maabara kinachoifikia. Mimi ni Mlutheri, na mchungaji wangu ananifahamu, kwa hiyo msiogope kwamba nimehama. Ila neno lililonisaidia zaidi katika jambo hili nilipewa na jirani zetu Wahindu.

Hapa Arusha tumeishi nao miaka mingi. Tunanunua vitambaa na spea kwao, watoto wetu wanasoma pamoja, na Diwali ikifika tunaona taa zao. Lakini tuwe wakweli, ni wangapi kati yetu tumewahi kuwauliza wanaamini nini?

Mimi niliuliza, na sababu ilikuwa bibi mmoja. Mzaliwa wa hapa hapa mjini, Kiswahili chake safi kuliko cha kwangu. Alikuwa anamuuguza mumewe wodini kwetu. Mzee alikuwa ameshapoteza kumbukumbu, hata jina la mkewe halijui. Kila asubuhi bibi alikuja, akamfuta mwili, akambadilisha, akamlisha kijiko kimoja kimoja. Kuna siku mzee alitema chakula chote na kumsukuma mkono. Bibi akafuta, akaanza upya. Hakulalamika, na wala hakujifanya mtakatifu. Alifanya tu.

Nikamuuliza, “Bibi, hivi huchoki? Hajui hata kama ni wewe.” Akacheka. Akaniambia, “Dikri, kuchoka nachoka.” Dikri kwa Kigujarati ni binti. “Lakini kumlisha ni kazi yangu. Kupona, kunikumbuka, kunishukuru, hiyo siyo kazi yangu. Hiyo ni ya Mungu.” Nyumbani kwao, akanieleza, chakula hutolewa kwanza kwa Mungu ndipo watu wanakula, na kinachorudi kutoka kwa Mungu wanakiita prasad. Akasema na kazi yake ya kila siku anaifanya hivyo hivyo: anaitoa kwanza, na kitakachorudi anakipokea, kiwe kitamu au kichungu.

Kumbe njia hiyo ina jina: karma yoga.

Sasa ngoja nisafishe neno moja. Mtaani mtu akimdhulumu mwenzake tunasema “subiri karma imrudie”. Ni kweli Wahindu wanaamini kwamba matendo yana matokeo yanayomfuata mtu. Lakini karma yenyewe, kwa Kisanskriti ambacho ni lugha ya kale ya dini yao, maana yake ni kitendo, kazi. Na yoga siyo kujinyoosha kwenye mkeka tu. Neno hilo limetokana na kufunga pamoja, kuunganisha. Kwa hiyo karma yoga ni njia ya mtu kuungana na Mungu kwa kupitia kazi. Wapo wanaokwenda kwa njia ya ibada na mapenzi, ndiyo bhakti. Wapo wa njia ya maarifa, jnana. Na wapo ambao njia yao ni sufuria, beseni, shamba na zamu ya usiku. Mama, unajiona hapo?

Mafundisho hayo yamo katika Bhagavad Gita, kitabu cha sura 18 na beti 700. Kinaanza na mtu aliyeshindwa kufanya kazi. Arjuna, mpiganaji hodari, yuko kwenye gari lake la vita. Anatazama upande wa pili, anaona ndugu zake na walimu wake. Mwili unamtetemeka, upinde unamponyoka, anakaa chini. Anayemwendeshea gari ni Krishna, ambaye kwao ni Mungu aliyekuja kwa umbo la mtu. Krishna anaongea naye kwa kirefu, na kiini cha maneno yake ni hiki: mamlaka uliyonayo ni juu ya kazi yako, siyo juu ya matunda yake. Usifanye kwa kukodolea macho malipo. Na usitumie hilo kama kisingizio cha kuacha kufanya.

Hicho kipande cha mwisho wengi wanakiruka. Tutakirudia.

Kuna mtu aliyeichukua Gita kama kamusi ya maisha yake, na aliwahi kupita kwenye pwani yetu. Mwaka 1893 Mohandas Gandhi, mwanasheria wa miaka 23 asiyejulikana, alitia nanga Lamu, Mombasa na Zanzibar akiwa njiani kwenda Afrika Kusini. Alipokuwa Johannesburg alikuwa anabandika karatasi za beti za Gita ukutani, anazikariri huku anapiga mswaki. Jamani, hata yeye muda wa utulivu hakuwa nao!

Mwaka 1904 tauni ikalipuka kati ya vibarua wa Kihindi mjini humo. Wagonjwa 23 wakawekwa kwenye nyumba moja iliyokuwa tupu. Gandhi, daktari mmoja na vijana wa ofisini kwake wakawauguza usiku kucha: dawa, kuwasafisha wao na matandiko yao. Wengi wa wagonjwa wale walifariki. Manispaa ilimpeleka nesi kusaidia. Gandhi ameandika kwamba alikuwa mwanamke mwema, na kwamba baada ya siku chache tauni ilimpata, akafa. Jina lake hakulitaja.

Mimi hapo ndipo niliposimama kusoma. Sisi manesi tunamjua yule dada bila kuambiwa jina. Ukipima kazi yake kwa matunda, utasema ilipotea: wagonjwa walikufa, na yeye akafa. Lakini alikuja kuwahudumia. Hiyo ilikuwa kazi, na ilifanyika. Kifo cha asubuhi hakiwezi kurudi nyuma kuifuta.

Sasa tuje kwetu. Wodi ya watoto njiti.

Mnajua matunzo ya kangaruu: mtoto anakaa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, amefungwa vizuri kwa khanga, joto la mama linakuwa joto lake. Tulikuwa na mama wawili vitanda jirani. Mmoja wa mjini, mwingine ameshuka kutoka vijiji vya mlimani, kule Meru. Watoto wote wawili walikuwa na gramu 1,200 na kidogo. Wote wawili walikamua maziwa kwa saa, wakalisha kwa mpira, wakabeba watoto kifuani mchana na usiku. Yule wa mlimani ndiye aliyekuwa anamwamsha mwenzake, “Mama nanii, saa ya maziwa.”

Mtoto wa mama wa mjini alikwenda nyumbani. Wa mama wa mlimani alifariki siku ya sita, alfajiri.

Aliniuliza swali lenu lile lile. Nikakaa naye kitandani, tukafungua faili. Nikamwonyesha: hii ni saa ya kulisha, hii hapa, hii hapa. Hukuruka hata moja. Joto la mtoto, tazama, kila tulipopima lilikuwa sawa kwa sababu ya kifua chako. Nikamwambia, “Mama, kazi yako uliifanya yote. Siku sita mwanao hakuhisi baridi wala njaa. Hilo hakuna wa kukunyang’anya.” Alilia sana. Halafu akaomba nimwonyeshe tena ukurasa wa joto.

Sikumwambia “ni mapenzi ya Mungu, nyamaza.” Kumbukeni hilo mnapokwenda kumpa pole aliyefiwa na mtoto. Kumwambia mtu kwamba matunda hayakuwa mikononi mwake siyo kumwambia matunda hayana thamani.

Na hapa niwe mkali kidogo, maana neno zuri likianguka kwenye mkono mbaya linakuwa fimbo.

Kwanza, sisi wahudumu wa afya. “Matunda si yako” hailindi uzembe. Mtoto akifariki ni lazima tukae tujiulize kama kuna kilichochelewa, kwa sababu kujiuliza nako ni sehemu ya kazi. Mama aliyecheleweshewa huduma ana haki ya kuuliza na kujibiwa.

Pili, ndani ya nyumba. Kuna watu watasoma hapa halafu waseme, “Unaona? Mama anatakiwa kuhudumia bila kudai shukrani.” Hapana, baba. Hakuna aliyesema kazi zote ni za mtu mmoja. Kila mtu ana wajibu wake, na wajibu wa aliyezaa ni wa wawili. Hata huko India fundisho la kila mtu na wajibu wake limetumika kuwafunga watu kwenye matabaka ya kuzaliwa. Ambedkar, aliyeongoza kamati ya kuandika rasimu ya katiba ya India na mwenyewe alizaliwa kwenye tabaka la waliotengwa, aliipinga Gita kwa sababu hiyo. Kwa hiyo wajibu ni wa kujiuliza wewe mwenyewe. Ukiona mtu anakuhubiria wajibu wako huku yeye amekaa, mpe mtoto ambebe.

Tatu, mwili wako. Gita hiyo hiyo inasema njia hii si ya anayejinyima chakula kupita kiasi wala asiyelala kabisa. Kula. Lala mtoto anapolala. Kujitoa siyo kujimaliza.

Sasa utaanzaje? Nikupe kitu cha wodini. Zamu yangu ikiisha siondoki hivi hivi. Namkabidhi mwenzangu mgonjwa kwa mgonjwa: huyu amekunywa maziwa, huyu dripu inaisha saa fulani. Nikishakabidhi, naondoka. Nesi asiyejua kukabidhi anabeba wodi nzima kichwani mpaka kwenye daladala, na kesho anarudi hana kitu cha kutoa. Wewe mama huna wa kumkabidhi zamu saa mbili usiku. Ndiyo maana unajiuliza maswali mpaka alfajiri.

Jaribu hivi. Asubuhi jiulize, sehemu yangu leo ni ipi? Kwa mama mwenye kichanga, sehemu yako ni maziwa, joto, usafi wa mikono na kitovu, kliniki kwa tarehe, na macho yako. Ukiona hanyonyi, amelegea, anapumua kwa shida au haraka haraka, amepata degedege, ana joto sana au baridi, amekuwa wa njano, au kitovu kinatoa usaha, usisubiri kupambazuke. Nenda hospitali. Kuwahi ni kazi yako, na hapo ndipo kile kipande cha mwisho cha Arjuna kinapoingia: hakuna kukaa chini.

Usiku, baada ya kufanya yako, kabidhi. Kwa jina la Mungu unayemwomba wewe, msikitini, kanisani au hekaluni. Sema kwa sauti ndogo: nimelisha, nimebeba, nimeangalia. Yaliyobaki nakukabidhi. Halafu lala.

Kilo zikiongezeka, shukuru. Zisipoongezeka, kesho tuonane kliniki, tuanze upya kijiko kimoja kimoja.

Sehemu ya 10 ni ya akina baba: namna ya kumfunga mtoto kangaruu kifuani. Ndiyo, na ninyi mna vifua. Mje na khanga.

Nesi wenu, Arusha.