Si kila dume anafaa: kumchagulia mbwa jike mwenzake huko Butembo

Mbwa jike akiingia joto, kartie nzima inajua. Madume ya parsele za jirani yanalala mlangoni, yanapigana usiku, na watoto hawasinzii. Kwa familia iliyokimbia vita na kupokelewa na ndugu katika komine ya Bulengera, wiki hizo tatu ni matata. Lakini pia ni nafasi: chaguo la siku chache litaamua ni mbwa wa namna gani watakaolala kati ya watoto kwa miaka kumi ijayo.

Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia katika eneo la Beni yamewatoa watu wengi vijijini. Wamekuja Oicha, Beni-mjini na Butembo, wengi wakiwa na godoro, sufuria na watoto. Baba mmoja kutoka upande wa Oicha alikuja pia na mbwa jike mdogo wa rangi ya udongo, masikio wima, mkia umejikunja. Si mbwa wa kufurahisha macho. Kazi yake ni panya. Nyumba ya mwenyeji wao ina chumba cha mahindi na maharage, na tangu jike huyo alipofika, magunia hayatobolewi tena kama zamani.

Wazungu wana mbwa wa kazi hiyo wanaoitwa terrier, waliofugwa Uingereza kufuata panya na mbweha hadi ndani ya mashimo. Mbwa wetu wadogo wa kijijini hawana jina la kifahari, lakini kazi wanaijua. Ndiyo maana majirani watano walikuwa wameshaomba mtoto wa mbwa huyo kabla hajapata mume.

Madume matatu yaliletwa.

Wa kwanza alikuwa mkubwa, mwenye damu ya berger allemand, mkali mpaka mwenyewe anamwogopa. Mdogo wake baba ndiye aliyemtaka. "Yaya, usiku ni mbaya. Tutafute mbwa wa kuogopesha." Hofu hiyo ina sababu, na hakuna anayeweza kuicheka. Lakini baba alijibu kwamba mbwa hazuii watu wenye bunduki. Anachoweza ni kuwaamsha watu mapema, na kuamsha hakuhitaji meno marefu.

Tena kuna hesabu ya mwili. Jike mdogo akipandwa na dume mkubwa sana, watoto wanaweza kuwa wakubwa kuliko njia ya kutokea. Hapo ni upasuaji, au jike na watoto wake wanakufa pamoja. Butembo ina bahati ya kuwa na kitivo cha udaktari wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, lakini familia inayotafuta unga wa kesho haina pesa ya upasuaji wa mbwa.

Dume wa pili alikuwa mwindaji hodari, asiyekosa panya. Tatizo lake ni moja: yeye na jike walizaliwa na mama mmoja. Wengi wanaona hilo ni jambo zuri, eti damu ya kazi inabaki nyumbani. Historia ya mbwa wa Kongo wenyewe inaonya. Basenji, mbwa wa misitu yetu asiyebweka kama wengine, ambaye wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni ili wajue aliko, alipelekwa Uingereza na Marekani miaka ya 1930. Wachache tu ndio waliokuwa mababu wa karibu wote waliozaliwa huko. Baadaye ugonjwa wa figo wa kurithi, unaoitwa Fanconi, ukaenea kati yao: sukari na chumvi za mwili zinapotea katika mkojo, mbwa anakonda huku anakunywa maji bila kutosheka. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji Wamarekani walirudi Zaire kutafuta damu mpya, na mwaka 1990 kitabu cha ukoo huko Marekani kikafunguliwa kwa mbwa waliotoka hapa. Kama wao, wenye pesa na madaktari, walilazimika kurudi msituni, mfugaji wa Butembo asipandishe ndugu kwa ndugu.

Dume wa tatu hakumvutia mtu. Kimo cha kati, sikio moja limechanika, anaishi parsele chache juu ya barabara. Baba alimtembelea mara mbili bila haraka. Alitazama watoto wakipita karibu na sahani yake. Mbwa aliinua kichwa, akaendelea kula. Mgeni alipobisha, alibweka, akanyamaza mwenyewe alipomwita. Hilo lilikuwa na uzito, kwa sababu jike ana kasoro yake: tangu siku ya kukimbia, mlio wowote mkubwa unamtia chini ya kitanda. Mwoga akipandwa na mwoga, watoto wanaweza kuwa waoga, na mbwa mwoga ndiye anayeuma kwanza. Mwenzake alipaswa kuwa mtulivu mahali yeye alipo dhaifu.

Baba aliomba pia kuona sehemu za uzazi za dume. Mwenye mbwa alicheka, lakini akakubali. Kuna uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana, unafanana na koliflawa na kutoka damu. Dume mmoja mwenye nao huwapa majike wengi. Huyu alikuwa safi. Karatasi ya chanjo ya kichaa cha mbwa ilikuwepo. Mwisho baba akaomba kuonyeshwa watoto wa dume huyo waliokwisha kukua, maana mtoto wa nyoka ni nyoka. Wawili walipatikana. Wote wanalinda sungura na kuku bila kuwala.

Jike alikuwa na zaidi ya miaka miwili, na joto lake la kwanza lilipita bila kupandishwa, kama inavyofaa. Walisubiri damu ipungue na yeye mwenyewe akubali kusimama, wakampeleka mara mbili, siku moja ikipita katikati. Siku nyingine zote alifungiwa ndani, kwa sababu mimba moja inaweza kuwa na baba wawili. Kuanzia hapo ni siku kama 63.

Malipo yalikubaliwa: mwenye dume atachagua mtoto mmoja. Wanaobaki hawatatoka kwa mama kabla ya wiki nane, hata mnunuzi akija na dola mkononi. Na kila atakayechukua ameahidi chanjo ya kichaa cha mbwa mtoto akifikia miezi mitatu, kwani ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Akiumwa mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Mdogo mtu bado anasema wangepata mbwa mkali zaidi. Baba anamwonyesha watoto tisa wanaocheza katika parsele ile moja, wake na wa mwenyeji, na anamuuliza ni yupi kati yao angependa aumwe.