Vyumba viwili vya uani

Jumamosi, 8 Juni 2024

Fundi amepima uani na kuniambia panaingia vyumba vinne na choo kimoja cha wote. Nimemjibu kwamba vitajengwa viwili, kila kimoja na choo chake, dirisha mbele na dirisha nyuma. Akanipigia hesabu ya kodi nitakayoikosa. Amehesabu sawasawa, lakini familia nne kwenye choo kimoja, mvua za masika zikishuka, ni kukaribisha kipindupindu.

Kiwanja chenyewe ni mita za mraba 288. Sinza yetu ilipimwa miaka ya 1970, katika mradi wa viwanja na huduma uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Waliotangulia walichora barabara na kuleta maji kabla watu hawajajenga. Leo gari la zimamoto linaweza kufika mlangoni kwangu, jambo ambalo jirani zetu wa Manzese wengi hawalipati. Nikijenga hadi ukutani, nitakuwa nimeula urithi ule peke yangu.

Jumanne, 11 Juni

Binti muuguzi anayefanya kazi Mwananyamala amepita tena kuulizia chumba. Anaishi Chanika. Akiwa na zamu ya asubuhi, anatoka kwake saa kumi alfajiri, na anafika kwa mgonjwa akiwa tayari amechoka.

“Mbona huku vyumba vipo, mwanangu?”

“Vipo, mama. Tatizo ni ile miezi sita.”

Alipoondoka nikachukua kalamu. Chumba cha 80,000, miezi sita kwa mkupuo, ni 480,000. Dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja: jumla 560,000 kabla hajanunua hata godoro. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipandishwa kuwa 370,000 Julai 2022. Anayelipwa hapo, hata asile wala asipande daladala mwezi mzima, hafikishi. Mtu ana uwezo wa kulipa kodi, lakini anazuiwa mlangoni na namna ya kuilipa.

Kwangu italipwa kila mwezi. Dalali sitamhitaji.

Jumapili, 23 Juni

Baada ya ibada shemeji amenisihi nisipokee kodi kila mwezi. Anasema mpangaji wa mwezi kwa mwezi hutoroka na deni, na mimi mjane nitabaki namtafuta. Hofu yake ina msingi. Nimemweleza nitachukua mwezi mmoja wa dhamana, tutaandikiana mkataba, mjumbe atashuhudia. Mshahara unaingia kila mwisho wa mwezi. Kodi ikifuata mwendo huohuo, mtu hana haja ya kukopa ili alipe.

Akasema kujenga nyumba za wafanyakazi ni kazi ya serikali. Serikali ijenge, naiunga mkono. Magomeni Kota nyumba mpya 644 zilizinduliwa Machi 2022, na nilifurahi kuona wakazi wa zamani wakirudi. Lakini sensa ya mwaka huohuo ilihesabu zaidi ya watu milioni tano Dar es Salaam. Wengi wao wanapokewa na watu kama sisi. Ndivyo ilivyokuwa Kariakoo na Ilala tangu zamani: nyumba ya vyumba sita, korido katikati, jiko na choo uani, mwenye nyumba chumba kimoja na wapangaji vinavyobaki. Makuli, makarani na mafundi cherehani walianzia maisha humo.

Alhamisi, 4 Julai

Michoro imepelekwa manispaa kuombewa kibali. Afisa ameuliza habari za maji taka kabla ya ukuta, na ameuliza vyema. Shimo la sasa halitazibeba familia tatu. Nitachimba jipya kwanza. Vigae vya sakafuni vitasubiri, sakafu ya saruji inatosha.

Jambo la LUKU pia nimeliamua. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa mtu anaponunua umeme, kwa hiyo mara nyingi anayeilipa ni mpangaji. Jengo ni langu. Wakikatwa wao, nitawapunguzia kodi ya chumba kwa kiasi hichohicho, na kifungu hicho kitaandikwa kwenye mkataba.

Mtaa utafanya mkutano Jumamosi. Nitaomba nafasi na kuwaambia wenye nyumba wenzangu waziwazi: tunataka muuguzi awe karibu usiku mtoto akiugua, na mwalimu awahi darasani. Basi tuwapokee kwa kodi ya mwezi mmoja mmoja, kama wanavyolipwa.